Nilifupisha Magauni ya Wapambe kwa Ajili ya Miguu Yangu

Nilikosa mimi. Naanza hivyo kwa sababu nimesoma maungamo mengi ya wenzangu ambayo mtu anazunguka wee, mara ni shetani, mara ni marafiki wabaya, mara ni utoto, mpaka unafika mwisho hujui aliyekosa ni nani. Kwangu mimi shetani hakuwepo. Alikuwepo fundi, kilikuwepo kitambaa cha zambarau, na nilikuwepo mimi na miguu yangu.

Majina nimebadilisha yote. Aliyekuwepo kwenye harusi ile atajua tu, na huyo simwombi anifichie.

Nianze na miguu, maana ndiyo chanzo. Nina miguu mizuri. Sijisifu, naeleza ushahidi. Ile iliyojaa vizuri, wanayoita guu la bia, ndiyo hiyo. Nina miaka thelathini na nne, ni karani wa masijala kwenye wizara moja, na nilihama Dar serikali ilipohamia Dodoma, nikapanga nyumba Ihumwa. Ofisini tunavaa sketi za kufunika goti, na mtaani kwangu ni vumbi na upepo mwaka mzima. Kwa hiyo miguu yangu ilikuwa imestaafu kabla ya mimi mwenyewe.

Aliyenipokea Dodoma ni Yunis. Meza yake na yangu zilitenganishwa na kabati la mafaili. Ni Mgogo wa Mpwapwa, mpole, mcheshi kwa chini chini. Ndiye aliyenitafutia nyumba, ndiye aliyenifundisha kula mlenda bila kukunja uso, na nilipolazwa kwa malaria ndiye aliyekuwa analeta uji kabla ya kwenda kazini. Ndugu zangu wa tumbo moja walituma ujumbe wa pole. Sasa mjue nilimfanyia nani haya.

Yunis alipochumbiwa, kamati ya harusi ikaundwa, na mimi nikakabidhiwa sare za wapambe. Tulikuwa sita. Wa mbele alikuwa Leya, mdogo wake Yunis wa pekee, mwanafunzi wa chuo cha mifugo huko Mpwapwa. Mimi nilikuwa wa pili.

"Sare nakuachia wewe," Yunis aliniambia. "Wewe mtu wa Dar, unajua mambo. Hata usinioneshe mpaka siku yenyewe, nina mawazo ya kutosha. Zipendeze tu, na kila mtu awe huru."

Kila mtu awe huru. Nilitingisha kichwa kama mtu aliyesikia.

Kwenye kikao cha kamati, mama mmoja akapendekeza magauni yafike kifundoni. Nikanyoosha mkono. Nikasema Dodoma hii ina upepo na vumbi jekundu, gauni la kuburuza litafagia uwanja wa kanisa, tutaingia ukumbini tukiwa kama tumetoka kupalilia karanga. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Ndiyo ubaya wa uongo wangu wa kwanza, ulikuwa na kweli tupu. Mwenyekiti, mzee mstaafu anayependa taratibu, akasema hoja ya vumbi ina mashiko. Kamati ikapitisha kwamba gauni liishie gotini.

Nilipofika kwa fundi, goti likawa limepanda kidogo. Nilimwambia apime vidole vinne juu yake.

Na kwa nini nihangaike hivyo? Kwa sababu kwenye msafara wa bwana harusi alikuwepo rafiki yake mmoja, mhandisi wa maji, hajaoa, mrefu, anacheka polepole. Nilimwona mara mbili kwenye vikao, na mara zote mbili nilikuwa nimekaa nyuma ya meza. Nikajiambia, huyu anisubiri nisimame.

Fundi wetu alikuwa mama wa makamo hapo mtaa wa Kikuyu, kazi anaijua kwelikweli. Alitupanga mstari tukiwa tumevaa viatu vya siku ya harusi, akapima kutoka sakafuni kwenda juu, siyo kiunoni kwenda chini kama tulivyozoea. Alisema goti la mrefu na goti la mfupi hayako sehemu moja, na wapambe wakisimama pamoja macho ya watu yanafuata pindo. Likipanda na kushuka, picha zinaharibika. Akachora alama ya chaki kwenye mguu wa kila mmoja. Leya alikuwa amevaa sketi ndefu nzito, fundi akachora juu ya sketi.

"Nitakata Jumatano," fundi akasema. "Kitambaa mlichonunua kinatosha hata marefu. Mkibadili mawazo semeni mapema, nikishakata nimekata."

Wenzetu walipoanza kuondoka, Leya akanivuta nyuma ya duka, upande wa ukuta.

"Dada, samahani. Naomba nikuoneshe kitu."

Akapandisha sketi. Kuanzia chini ya goti mpaka kifundoni, ngozi ya mguu wa kushoto ilikuwa imekunjamana na kung'aa, kovu la moto la siku nyingi. Mimi miaka yote nilidhani sketi zile ndefu ni ulokole.

"Fundi hajakata," akasema. "Hata langu tu lishuke. Mimi nitasimama mwisho wa mstari, sina shida na kuwa wa mbele."

"Kwa nini usimwambie Yunis mwenyewe?"

"Dada hawezi kuuangalia huu mguu. Tangu tuko wadogo, nikiuacha wazi anatoka chumbani. Sitaki kumliza wakati wa harusi yake. Wewe ni mtu wake wa karibu, utajua namna ya kumwambia."

Alikuwa analia, lakini kwa adabu, anajifuta na mkono mmoja na mwingine umeshika sketi. Nikamkumbatia. Nikamwambia asijali, mimi nipo, nitaongea na dada yake. Na jamani, pale pale nilimaanisha. Naapa nilimaanisha, mpaka alipopanda basi la Mpwapwa.

Baadaye nikaanza kufikiri kama mjumbe wa kamati. Gauni la Leya likishuka, yule mama wa vifundoni atauliza kwa nini moja ni refu, na mwenyekiti atasema sare lazima zifanane, na yote yatashuka. Nikaiona miguu yangu inarudi kustaafu. Nikaona mhandisi anaoa mtu mwingine.

Jumatatu nilikaa karibu na Yunis kutwa, kabati la mafaili katikati, sikusema. Jumanne akaniuliza, "Magauni vipi?" Nikamjibu yanaendelea vizuri. Neno moja tu lilihitajika hapo. Yunis angenyanyuka kwenye kiti akampigia fundi mwenyewe, namjua. Ndiyo maana sikulisema.

Jumatano mchana nikampigia fundi kuuliza kama ameshakata. Akasema ameshakata. Ndipo nikampigia Leya.

"Nimeongea na dada yako," nikamwambia. "Nimejitahidi sana, mdogo wangu. Amesema haiwezekani. Amesema sare ni sare."

Nilisikia ng'ombe analia huko alikokuwa.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo. Usimuulize lakini, amechoka sana siku hizi, utamuudhi."

"Sawa dada," Leya akasema. "Asante kwa kunisaidia."

Nikakata simu nikaenda kununua mafuta ya nazi ya kupaka miguu.

Alhamisi ya wiki ya harusi, Leya akamtumia Yunis ujumbe kwamba chuo kimemnyima ruhusa, kuna mazoezi ya vitendo. Yunis alinionesha simu. Wazazi wao walikuja kutoka Mpwapwa na wajomba na mashangazi, basi dogo zima, Leya hayumo. Tukabaki wapambe watano. Mimi nikawa wa mbele. Sikuwa nimepanga hilo, lakini nisiwadanganye, nilipoambiwa nisogee mbele nilisogea haraka.

Siku yenyewe, saluni, Yunis ndipo alipoyaona magauni kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa mbele ya kioo na shela kichwani. Aliniangalia kuanzia juu, akashuka mpaka kwenye mapaja.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya. Umeyapenda?"

"Ni haya yamemfanya Leya asije?"

Mungu alinipa mlango, nao ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema ndiyo. Basi la kutoka Mpwapwa lilikuwa bado halijaondoka, mtu angempigia, angefika hata ukumbini.

"Wala," nikasema. "Niliongea naye, akasema yuko huru kabisa. Ni chuo tu, mwenzangu."

Yunis akapangusa jicho, mpambaji akamgombeza kwamba wanja unaharibika.

Tukafika kanisani. Sasa hapa ndipo penye aibu ya kuchekesha, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe nimeshacheka nikaishiwa. Mlangoni alisimama mama mzee wa kanisa, mnene, mwenye tabasamu, na kapu kubwa miguuni pake.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba wanangu. Mmependeza. Haya, shikeni."

Akatoa kanga. Moja moja. Kumbe lile kanisa lina utaratibu wake, goti likionekana mtu haingii mpaka afungwe kanga, awe mgeni, awe mpambe, awe nani. Tangazo lilisomwa Jumapili zote ndoa hiyo ilipotangazwa. Mimi nasali kanisa lingine, na Jumapili nyingine nasali kitandani. Wenyeji wote walijua. Mtu wa Dar anayejua mambo hakuuliza.

Nikajaribu kujitetea. "Mama, hizi ni sare, kamati imepitisha."

"Na hizi ni kanga, mwanangu. Nazo zimepitishwa," akanijibu, huku ananifunga mwenyewe kiunoni na fundo zito, hata ndoa yenyewe isingefungwa hivyo.

Yangu ilikuwa ya njano yenye maua mekundu. Ya nyuma yangu ilikuwa ya kijani. Nyingine kahawia, nyingine bluu, na mmoja alipata kitenge chenye picha ya kuku. Tukaingia kanisani mbele ya bibi harusi kama wanawake wanaokwenda kuchota maji kisimani, zambarau juu, duka la kanga chini. Zile hesabu za fundi za kupima kutoka sakafuni zikaisha hapo. Pindo lilipanda na kushuka litakavyo.

Na zote zilifika kifundoni.

Nilikuwa nimesimama pale madhabahuni nikaangalia chini nikaona vifundo kumi vya miguu, basi. Hakuna goti, hakuna ugoko, hakuna kovu ambalo lingeonekana. Leya angesimama hapo mbele pamoja nasi, mbele yangu, na mtu yeyote asingejua chochote. Ubavuni kwangu palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja, kwa sababu tuliambiwa tusiizibe, labda atatokea. Mama yao alikuwa anageuka kuangalia mlango kila ukilia.

Nje kwenye picha nikaanza kufungua fundo. Mama yake Yunis akanishika mkono taratibu. "Acha tu mwanangu, wajomba wapo." Basi kanga zikabaki hadi ukumbini, hadi keki. Mhandisi alinifuata mara moja tu. Nikavuta pumzi. Akaniuliza kwa heshima zote, "Samahani dada, wewe ni wa kamati ya chakula? Meza yetu haijapata soda."

Nilimletea soda.

Ningependa kusema ilikuwa harusi mbaya tu na ikaisha. Haikuisha. Mwezi uliofuata Yunis aligundua kwamba wiki ile chuo cha mdogo wake kilikuwa likizo. Hakuna mazoezi, hakuna ruhusa ya kunyimwa. Leya alikuwa amebaki bwenini Mpwapwa, kilomita chache kutoka kituo cha basi, na hakuja.

"Nina mdogo mmoja tu duniani," Yunis aliniambia. "Na akaona bora anidanganye."

Hakumuuliza. Leya naye hakumuuliza. Mmoja alijua amesusiwa, mwingine alijua dada yake alichagua sare akamwacha yeye. Mama yao akiuliza kuna nini, wote wanajibu hakuna kitu. Na wote wawili wakawa wananiambia mimi. Yunis akinilalamikia ofisini, Leya akinipigia simu, "Dada hajambo? Usimwambie nimeuliza." Mwaka na nusu nilikaa katikati yao nikiwapa pole pande zote mbili. Nikasifiwa kuwa mtu mwema. Nilizoea kusifiwa, na hiyo ndiyo sehemu inayonitisha kuliko zote.

Yunis alipojifungua mtoto wa kike, aliniomba niwe mama wa ubatizo. "Kwa kawaida ingekuwa Leya," akasema, "lakini wewe ndiye umekuwa ndugu yangu." Nikakubali. Niwaambie ukweli wote? Nilikubali, na nikiwa njiani kurudi Ihumwa nikaanza kufikiri nitavaa nini.

Kilichonivunja ni beseni la maji.

Nilikwenda kumtembelea asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa anamwogesha mtoto. Niliona maji ya moto ameyaacha chumba kingine kabisa, anakwenda anachota kidogo, anarudi, anachanganya, anapima kwa kiwiko, anapima tena, anamwaga, anaanza upya. Nikamtania kwamba kwa mwendo huo mtoto ataoga mpaka aanze shule.

Hakucheka. Akasema, "Mimi ndiye niliyemuunguza Leya."

Alikuwa na miaka minane, Leya mitatu. Mama yao alikwenda shamba akamwachia mtoto na sufuria ya uji motoni. Akaona mtoto anasogea, akainua sufuria aiweke mbali, mkono ukateleza.

"Hajawahi kunilaumu," Yunis akasema. "Hata siku moja, hata tukigombana. Basi siku ya harusi alipokosa kuja nikajua ndiyo hiyo, amenilipa. Nikasema sawa, ana haki yake, tumemalizana. Lakini mbona moyo wangu unaona hatujamalizana?"

Nikakaa kitandani. Nikamwambia, "Yunis, Leya hakukulipa chochote."

Nikamweleza yote. Nyuma ya duka la fundi, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Simu. Saluni. Hakuniangalia hata mara moja, mikono yake iliendelea kumwogesha mtoto, polepole, shingo, kwapa, vidole.

"Ulimwambia nimesema nini?"

"Kwamba sare ni sare."

"Baada ya kuuona ule mguu."

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

Nilitamani sana kuwe na jibu jingine. "Alisema asante kwa kunisaidia."

Yunis akamtoa mtoto kwenye maji, akamfunga taulo, akamlaza kifuani. Akachukua simu akapiga palepale mbele yangu. Nikasikia Leya anaita "Dada?" kwa mshangao, kama mtu asiyeamini jina aliloliona kwenye simu. Yunis akasema, "Ni mimi. Usikate," kisha akaanza kulia. Walipoanza tena waliongea Kigogo, na Kigogo changu mimi kinaishia kwenye salamu. Kulia nilikuelewa. Nikachukua mkoba nikatoka, hakuna aliyenizuia wala kunifukuza.

Yunis hakunitukana mpaka leo. Ofisini ananisalimia, "Habari za asubuhi, dada," halafu anageukia kazi. Zamani alikuwa ananiita mwenzangu. Ubatizo ulifanyika, Leya akamshika mtoto, nimeona picha kwenye simu ya mfanyakazi mwingine. Sikualikwa, na ningealikwa ningeshangaa.

Kwa hiyo wewe uliyepewa sare za wapambe mahali fulani, nakuonya kwa yaliyonikuta. Urefu wa gauni uulizie kanisani kabla ya kuuliza kioo chako. Wapambe wapimwe na viatu vyao. Na akikuvuta mmoja pembeni akakuonesha anachokificha, ujue hajakupa maoni ya kupeleka kwenye kamati, amekupa mguu wake. Fikisha neno lake siku hiyohiyo, kama lilivyo.

Na msidhani mtu akikiri basi mzigo umetua. Nami nilidhani hivyo. Wiki ile ile nilimpigia Leya, nikalia, nikamwomba anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu zake zilezile.

"Dada," akasema, "mwaka na nusu nimekuwa napiga magoti kila siku namwomba Mungu anisaidie nimsamehe Yunis. Nimeweza juzi tu. Sasa naambiwa hakuwa na kosa, nianze upya na wewe. Nimechoka. Niache kwanza nipumzike."